TUSOME NAMBA YA DAMU KAMA TUSOMAVYO MIZANI

Ndugu wanaushirika,

Siku ya korosho kila mtu husimama karibu na mizani. Karani akiandika kilo 61 na mshale uko kwenye 62, hapo ghalani hapakaliki! Lakini siku ya kupimwa sukari mtu anatobolewa kidole, anaambiwa "uko sawa, mzee," naye anashukuru na kwenda zake. Sawa ngapi? Haulizi. Sisi tunasema huko ni kulala.

Kipimo cha asubuhi kinataka tumbo tupu, yaani usile kitu kwa muda wa saa 8 au zaidi. Maji ruksa. Chai na kipande cha muhogo huharibu hesabu. Safari iliyopita upimaji ulianza saa 4, wakati wengi wetu tumekwisha kunywa chai. Kuzisoma namba zile kama za njaa ni sawa na kupima gunia huku mwenyewe amelikalia.

Kwa nini tumbo tupu? Usiku hatuli, lakini sukari haiishi katika damu, maana ini huitoa kidogo kidogo. Insulini, itokayo kwenye kongosho, ndiyo inayolizuia ini lisitoe kupita kiasi, na ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa misuli. Ikipungua, au mwili ukiacha kuisikia, ini humwaga tu. Basi mtu anaamka hajala kitu na damu yake tayari ni tamu. Hapo hawezi kusingizia chai.

Namba zenyewe ni hizi, kwa milimoli katika lita. Chini ya 6.1 ni kawaida. Kutoka 6.1 mpaka 6.9 ni onyo. Kuanzia 7.0 ni kisukari, ila kama huna dalili lazima upimwe tena siku nyingine, na damu ya mshipa ipelekwe maabara. Mashine nyingine husoma kwa miligramu. Ukiona 126 usizimie, hiyo ndiyo 7.0.

Mwenye onyo ndiye tunayemtaka hasa, maana hana maumivu yoyote na bado anaweza kurudi nyuma: apunguze kiuno, atembee, aache soda, ale dona badala ya sembe, na sahani isijae ugali peke yake. Wako wanaosema eti huu ni ugonjwa wa mabosi. Mabosi gani? Siku hizi hata shambani tunakwenda kwa bodaboda. Hapa kijijini wazee wawili wamekatwa mguu, na wote walijua wana kisukari baada ya kidonda kukataa kupona. Kukojoa usiku kucha na kiu isiyokatika waliviita uzee.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu tutaleta hoja mbili. Upimaji uanze saa 1 asubuhi, kabla ya mizani, na kila mtu apewe namba yake kwa maandishi. Pili, fedha ya akiba inunue mashine na vibanzi vyake, vikae kwa mganga wa zahanati. Wajumbe wengine wanataka viti vya ofisi. Viti tunavipenda, lakini vingojee msimu ujao.

Walio kwenye dawa za kisukari wasikae na njaa kabla ya kumwuliza mganga.

Katibu wa Tawi