Mbona Yoashi umemruka?

Ndugu mwandishi, makala yako nimeisoma yote. Umewasifu Daudi na Sulemani, ukamruka Yoashi, mfalme wa Yuda, na huyo ndiye vijana wetu wa hapa kisiwani wangemwelewa upesi. Alifichwa hekaluni tangu mchanga, akatawazwa ana miaka 7 chini ya ulezi wa kuhani Yehoyada. Mlezi alipofariki, Yoashi akawasikiliza wakuu waliokuja kumwinamia, na mwishowe akaamuru Zekaria, mwana wa yule yule Yehoyada, apigwe mawe.

Mombasa tunaye wa kwetu. Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto babake, sultani wa Mombasa, alipouawa kwa njama ya Wareno mwaka 1614. Wareno wakampeleka Goa, mapadri Waagustino wakamlea, akabatizwa Dom Jerónimo. Akarudi kutawala, na Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, ngome ya Wareno, akamuua kapteni, kisha Wakristo waliokataa kusilimu nao wakauawa. Mwaka uliofuata alikuwa keshakimbilia baharini, anateka meli. Tofauti ipo, tena kubwa: Yusuf alikuwa na kinyongo cha damu ya babake, na makapteni walimdharau wazi. Yoashi hakuwa na udhuru wowote.

Wote wawili walilelewa na watu wa dini, na tazama walikoishia. Kumkaririsha mtoto mistari si kumpa imani, wazazi tusijidanganye. Nanyi vijana, someni 2 Mambo ya Nyakati 24, kisha mkipita Mji wa Kale simameni langoni pa Fort Jesus. Juu pana maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Waulizeni watembeza wageni yanasema nini.