Mbunge akirudi Beni na Butembo, alete hesabu

Mara mbili kwa mwaka, wabunge wa kitaifa wanaondoka Kinshasa na kurudi kwa raia waliowachagua: baada ya kikao cha Machi, kinachofungwa tarehe 15 Juni, na baada ya kile cha Septemba, kinachofungwa tarehe 15 Desemba. Huko Beni na Butembo, mikutano hiyo inajulikana. Mbunge anatoa pole kwa familia zilizofiwa, anaeleza alivyosema bungeni, kisha anaahidi. Raia wanapiga makofi na kurudi nyumbani bila jibu la swali moja: feza iliyopigiwa kura kwa ajili ya eneo hili ni ngapi, na iliyofika ni ngapi?

Katika Kivu ya Kaskazini swali hilo lina uzito wa pekee. Tangu utawala wa kijeshi ulipoanza mwezi Mei 2021, kazi za bunge la jimbo zilisimamishwa. Gavana hana tena mbele yake wabunge wa jimbo wa kumuuliza kuhusu matumizi. Kwa hiyo mzigo umewaangukia wabunge wa kitaifa na maseneta.

Waanze na bajeti. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale yanapokusanywa. Majimbo yamelalamika kwa miaka mingi kwamba haifanyiki hivyo. Kila mwaka pia Korti ya Hesabu inatakiwa kupeleka bungeni hesabu ya Jamhuri pamoja na maoni yake. Mbunge anaweza basi kulinganisha kilichopangwa na kilichotolewa, na kuwaambia raia tofauti yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha barabara. Tarehe 16 Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua mpakani, huko Mpondwe na Kasindi, mradi wa kilometa 223 unaogharimiwa na Kongo pamoja na Uganda. Ndani yake mna kilometa 80 za Kasindi hadi Beni, na 54 za Beni hadi Butembo. Bidhaa nyingi za Butembo zinapita Kasindi, na kakao ya Beni inatokea njia hiyo. Kamiyo ikikwama matopeni, bei inapanda sokoni siku chache baadaye. Haitoshi mbunge kusema kwamba kazi inaendelea. Aseme kilometa ngapi zina lami, malipo gani yametolewa, na wapi kazi imesimama kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, wapi kwa kukosa feza. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina wahusika wake.

Mwisho, kodi. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi bila sheria, na sheria inapigiwa kura na wabunge. Mfanyabiashara mdogo anayedaiwa na maofisi mengi kwa bidhaa moja ana haki ya kujua ipi ni halali. Kisa cha RAM, ile tozo ya simu, kinaonyesha kwamba kusema kunasaidia: raia walilalamika, wabunge wakambana waziri, na mwaka 2022 tozo hiyo ikaondolewa.

Ni kweli kwamba mbunge hashiki kasha la serkali. Anayelipa, au kukataa kulipa, ni serkali. Lakini katiba imempa swali la maandishi, swali la mdomo, na haki ya kumwita waziri ajieleze. Aliyetumia njia hizo ana nakala ya swali lake, na ana jibu au ukimya wa waziri. Avilete vyote viwili.

Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili na Kinande: kilichopigiwa kura, kilichotolewa, kilichobaki. Isomwe Kimemi na Bulengera, Mulekera na Rwenzori, na katika kambi za waliokimbia vita, maana nao ni wapiga kura. Mbunge atakayekuja bila karatasi hiyo asishangae raia wakimuuliza alikwenda Kinshasa kufanya nini.