Ukikataa 'cha juu' cha fundi, ujue mzigo uliobeba

SIKU hizi kijana akihamia nyumba mpya, huwa ameshaagiza mfereji, sinki na shawa ya stima mtandaoni kabla hata ya kumpigia fundi simu. Fundi akifika anapokezwa sanduku na kuambiwa: "Wewe weka tu, nitakulipa pesa ya kazi." Sababu inaeleweka. Kila mtu anajua fundi akitumwa dukani ataongeza 'cha juu'.

Lakini mfereji huo ukipasuka usiku na maji yafike kwa jirani wa chini, nani atalipa?

Hapo ndipo utagundua kwamba kile cha juu hakikuwa cha bure kabisa. Fundi akinunua kifaa na kukiweka mwenyewe, anawajibikia vyote viwili: kifaa na kazi. Kikiharibika una mtu mmoja wa kumpigia, na yeye ndiye atakayekimbizana na mwenye duka. Ukinunua wewe, ubora wa kifaa unabaki kati yako na muuzaji. Fundi anajibu kuhusu kazi ya mikono yake tu, na akiitwa kubadilisha mfereji uliotoka kiwandani ukiwa na ufa, ana haki ya kudai malipo upya.

Mahakama zetu zimerithi kanuni nyingi kutoka Uingereza. Huko, mwaka wa 1968, katika kesi ya Young & Marten dhidi ya McManus Childs, majaji waliamua kuwa mkandarasi aliyetoa vigae vya paa alipaswa kubeba gharama ya kasoro iliyojificha ndani ya vigae hivyo, ingawa mteja ndiye aliyechagua aina yake. Kwa hivyo kuna njia ya katikati: chagua modeli uliyoipenda, mkubaliane bei, kisha umwache fundi ainunue.

Hata hivyo, fundi asidhani kusema "Boss, si ni wewe uliileta" kunamwokoa kila mara. Bado anatakiwa kufanya kazi kwa ustadi na kufuata maagizo ya kiwanda. Kiungo kikivuja kwa sababu hakukikaza vizuri, hilo ni lake. Na akiona kifaa hakifai, anapaswa kusema.

Chukua mfano wa shawa ya stima. Madukani kuna za maji ya kawaida na za maji ya chumvi. Mitaa mingi ya Nairobi hutumia maji ya kisima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi. Ukinunua isiyofaa, itaungua haraka. Fundi anayejua maji ya mtaa huo na akanyamaza ili alipwe aondoke, hawezi kunawa mikono kirahisi. Vivyo hivyo kwa anayeiunganisha kwa waya mwembamba au bila waya wa ethi. Hapo tunazungumzia uhai wa mtu, na ndiyo maana kazi ya stima inafaa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Vipi kuhusu muuzaji? Risiti nyingi huandikwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayafuti haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 nayo inamfunga anayeuza bidhaa na anayetoa huduma.

Shida kubwa huwa ni ushahidi. Muuzaji atasema fundi ndiye aliyeharibu, naye fundi atasema ulinunua feki. Ukiwa umetupa kile kifaa na huna risiti, utabaki katikati ukilipa mwenyewe.

Kwa hivyo fungueni sanduku pamoja na umuulize fundi kama kifaa kinafaa. Mwandikie kwenye WhatsApp nani amenunua nini, na akiharibu atarudi kurekebisha kwa muda gani. Piga picha kabla na baada ya kazi. Usimalize kulipa kabla hamjafungulia maji au kuwasha stima na kukagua. Kikiharibika, usikitupe: ufa kwenye mwili wa mfereji huelekeza lawama tofauti na uvujaji kwenye kiungo.

Mkishindwa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kama hujui kosa ni la fundi au la muuzaji, unaweza kuwashtaki wote wawili, na huko ndiko zile picha na risiti zitakusaidia.