Mwache acheze vita, lakini mwulize nani amebeba chakula

Likizo ya Juni hapa Sumbawanga ni ya kukaa ndani. Upepo wa uwanda wa juu unavuma tangu asubuhi, watoto wanavaa masweta mawili mawili, na simu ya baba inageuka kuwa mali ya nyumba nzima. Ndivyo kijana wangu wa darasa la saba alivyokutana na video ya wazee wa Ulaya waliozunguka meza kubwa, wakicheza vita vya Waterloo vya mwaka 1815.

Wana askari wadogo wa urefu wa kidole, waliopakwa rangi mmoja mmoja. Wana farasi, mizinga na vilima vya kutengeneza. Wanapima kwa rula askari asogee kiasi gani, kisha wanarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kasimama. Mmoja ni Napoleon, mwingine ni jenerali wa Waingereza, na mchezo unaweza kuchukua siku nzima.

Kijana akaniuliza, "Baba, kwani sisi hatuna vita vya kucheza?"

Nilitaka kumjibu kwamba vita si mchezo. Mzazi anayeishi mkoa huu, ambako ng'ambo ya ziwa ni Congo, hawezi kulichukulia jambo hilo kirahisi. Lakini nikakumbuka kwamba nikikataa ataendelea kucheza peke yake kwenye simu, na huko hakuna wa kumwuliza swali. Nikamwambia, "Tunavyo. Tena ni vya hapa hapa Kasanga."

Mzazi mwenzangu, michezo hii ya mezani ina historia yake. Baada ya vita vya Napoleon, jeshi la Prussia, yaani Wajerumani, lilianza kufundisha maofisa wake kwa ramani, vipande vidogo na dadu. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H.G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bandia. Alisema wazi kwamba vita vidogo vya sakafuni vinamwonyesha mtu jinsi vita vikubwa vilivyo vya kipumbavu. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza, na mwezi Septemba 1914 vilikuwa vimefika kwetu: Wajerumani walitoka huku kwenda kushambulia Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia.

Kasanga wakati huo iliitwa Bismarckburg, na boma la Wajerumani lilitazama Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta boti mbili ndogo kutoka Uingereza, wakazishusha Cape Town na kuzivuta kwa treni na kwa nchi kavu kupitia milima ya Congo hadi ziwani. Moja iliitwa Toutou, nyingine iliitwa Mimi. Binti yangu wa darasa la nne alicheka sana. Kila boti ilipoguswa alipiga kelele, "Mimi nimezama!"

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Juni 5, 1916, kamanda wao, Spicer-Simson, akafika mbele ya Kasanga.

Hapo ndipo tulipoanzia mchezo wetu. Kitenge cha bluu kilikuwa ziwa. Blanketi lililokunjwa lilikuwa mteremko wa kutoka Ufipa. Vizibo vya soda vilikuwa askari, viberiti vilikuwa boti, na dadu tuliitoa kwenye ludo. Kanuni zilikuwa tatu tu: kila zamu unasogea urefu wa kiganja, ukirusha tano au sita umempiga adui, na mizinga ya boma inafunikwa kwa vikombe ili mshambuliaji asijue kilichomo.

Binti alikuwa Mjerumani, kaka yake Mwingereza. Kijana alisogeza boti, akaona vikombe vinne vimemwelekea, akasita, akarudi nyuma. Zamu mbili baadaye dada yake akawapakia askari wote kwenye majahazi ya karatasi na kutoroka. Vikombe vilipofunuliwa, vyote vilikuwa na njiti tupu.

Kijana alitaka kulia. Nikamwambia asijali, kwani Spicer-Simson naye alifanya hivyo hivyo. Aliliona boma, akaogopa mizinga, akaondoka. Wajerumani wakatoroka kwa majahazi, na jeshi la Waingereza la nchi kavu lilipofika likakuta boma tupu. Baadaye ikajulikana kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Ningeishia hapo tungekuwa tumefurahi na kujifunza historia kidogo. Lakini mama yangu alikuwa pembeni akichambua maharage. Aliwatazama wajukuu wake, akauliza, "Hao watu wote mliowapanga hapo wanakula nini? Na nani amewabebea?"

Hakuna aliyejibu. Kwenye ile video ya Waterloo hakuna aliyeuliza pia. Hata hivyo, Napoleon mwenyewe alipoingia Urusi mwaka 1812, njaa, maradhi na baridi vilimmalizia watu wengi kuliko risasi.

Tukaanza upya. Bibi akatupa konzi ya maharage, na kila harage likawa mpagazi. Nikaweka kanuni mpya: mpagazi anabeba kilo 25, na kila mtu, awe askari au mpagazi, anakula kilo moja kwa siku. Kijana anapenda hesabu, akachukua daftari. Askari 10 wakisafiri siku 10, wanahitaji wapagazi 7. Wakisafiri siku 20, wapagazi hawawi 14, wanakuwa 40, kwa sababu nao wanakula njiani. Jaribu mwenyewe: watu 50 kwa siku 20 ni kilo 1,000, na wapagazi 40 wanabeba kilo 1,000 kamili. Safari ikifika siku 25, kila mpagazi amekula mzigo wake wote peke yake. Askari hapati hata punje. Na hapo hatujaweka risasi wala mahema.

Kijana alirudia hesabu mara mbili akidhani amekosea. Hakukosea. Reli ya upande wa Waingereza ilikuwa mbali sana kusini, mbung'o waliwaua ng'ombe na punda wa mizigo, kwa hiyo vita vilisafiri kwa mitumbwi na juu ya vichwa vya watu. Ndiyo maana pande zote mbili zilichukua watu vijijini kwa nguvu, na chakula kilipoisha zikaingia kwenye maghala ya wanakijiji. Wapagazi waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Lakini ile sanamu ya mjini, iliyowekwa mwaka 1927, ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hayupo pale juu.

Meza yetu sasa ilikuwa na vizibo 10 na maharage 40. Binti akauliza, "Bibi, wewe umejuaje?"

Mama akasema babu yake mzaa baba alichukuliwa kubeba mizigo wakati baba yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi. Hawajui alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Mimi ni mtoto wake wa tatu na nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Kijana akamwuliza babu huyo aliitwa nani. Bibi akataja jina. Kijana akaondoa harage moja, akaweka kizibo mahali pake na kuliandika jina lile juu yake kwa kalamu. Mchezo hatukuumaliza jioni ile. Waliendelea kesho yake, na kila zamu dada mtu alikuwa wa kwanza kudai chakula cha wapagazi kabla ya kurusha dadu.

Mzazi mwenzangu, watoto watacheza vita hata ukiwaficha fimbo na mipira ya manati. Kazi yetu ni kukaa nao mezani na kuwarudisha wale ambao mchezo umewasahau. Huhitaji kununua kitu. Tafuta kitenge, vizibo, konzi ya maharage na dadu. Chagua tukio la kwenu: Tanga wana vita vya Novemba 1914, Iringa wana Lugalo ya Mkwawa ya mwaka 1891, Songea wana Majimaji. Acha mtoto achague upande, kisha mbadilishane. Kila baada ya zamu tatu mwulize maswali mawili: chakula kimetoka wapi, na kijiji hiki ulichopita juu yake kimebaki na nini?

Na kama nyumbani kuna mzee, mwekeni karibu na meza, msimwache chumbani na redio yake. Mama yangu amekaa na habari ya babu yake zaidi ya miaka sabini, akisubiri mtu wa kumwuliza. Likizo ijayo tutapanda gari mpaka Kasanga tukaone magofu ya boma. Kijana ameomba abebe kile kizibo.