Mungazi ndani ya sashe si urembo, ni maandalizi ya kurudi

Katika ofisi, hoteli na sebule nyingi za Goma utakuta mti mdogo wa jamii ya mungazi umewekwa kwenye chungu karibu na dirisha. Mara nyingi ni areka, ambao asili yake ni Madagaska. Hautoi kitu cha kula, lakini unamwagiliwa, unapanguswa vumbi na kusogezwa penye mwanga. Sina ugomvi na urembo huo. Ninachosema ni kwamba matunzo kama hayo yanaweza kulea mungazi wa mawese. Kwa familia zilizokimbia Walikale na sehemu za chini za Masisi, kazi hiyo inapashwa kuanza sasa, si siku ya kurudi.

Tuhesabu miaka. Mche wa mungazi hukaa kitaluni karibu mwaka mmoja. Ukishapandwa shambani, unangoja miaka mitatu mpaka minne kabla ya kutoa mikungu ya kwanza. Baada ya hapo unaweza kulisha nyumba kwa zaidi ya miaka 25. Anayengoja amani ndipo atafute mbegu atakaa muda mrefu akinunua mawese ya kupikia sombe, wakati zamani aliyauza yeye mwenyewe.

Waasi wa M23 waliingia Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025. Machi mwaka huo wakaingia Walikale-kati, wakaondoka hapo mwanzoni mwa Aprili. Kila mara watu wanapokimbia, mungazi haubebeki kama mbuzi. Shamba lisilofyekwa hufunikwa na magugu na kamba za msitu, na ngazi huozea juu ya mti. Kinachoweza kubebwa ni mche ulio ndani ya sashe au bidoni iliyokatwa.

Kuulea hakuhitaji diploma. Toboa chini ili maji yatoke, kwa sababu mizizi iliyolala ndani ya maji huoza. Changanya udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, hasa Goma ambako udongo umejaa mawe ya volkano. Miezi mitatu ya kwanza mpe mche kivuli chepesi, halafu uuhamishie kwenye sashe kubwa na kuuzoeza jua polepole. Mwagilia siku ambazo mvua haikunyesha. Usifukie moyo wake kwa udongo: mungazi una kichwa kimoja tu cha kukua, na kikioza au kikikatwa, mti unakufa. Siku ya kuupanda shambani, acha mita 9 kati ya mti na mti.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni baridi. Mungazi unapenda joto na mvua nyingi, ndiyo maana unastawi Walikale-kati, chini ya mita 1,000. Milima ya Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, inapita mita 1,500. Huko mche utaishi, lakini utakua polepole, na ukiupanda hapo usitegemee mavuno ya maana. Unaweza kuulea juu, lakini panda chini.

Mtego wa pili ni mbegu. Mwaka 1941, watafiti wa Yangambi, hapa hapa Kongo, walionyesha kwamba unene wa ganda la ngazi hurithiwa. Ukizalisha dura, yenye ganda nene, na pisifera, isiyo na ganda, unapata tenera, yenye ganda jembamba na mawese mengi. Dunia nzima imejenga mashamba yake juu ya ugunduzi huo. Lakini ngazi za tenera iliyozalishwa na tenera mwenzake hazitoi tenera tupu. Kwa wastani, katika miche minne, mmoja ni dura, na mwingine ni pisifera ambayo kwa kawaida haizai. Kwa hiyo uliza mbegu imetoka wapi kabla ya kuilea mwaka mzima.

Atakayesema kwamba mkimbizi anahitaji unga kwanza ana haki, na mche hauchukui nafasi ya unga. Ila mashirika yanayogawa mbegu za maharagwe na mahindi yanasaidia msimu mmoja. Kwa nini yasiongeze miche michache ya tenera kwa familia zenye shamba Walikale? Huduma za kilimo za serikali nazo zingeweza kuonyesha watu mbegu safi inapatikana wapi.

Kizuizi kikubwa zaidi ni ardhi. Masisi, anayepewa kipande cha shamba kwa msimu mara nyingi hukatazwa kupanda mti, kwa sababu mti ni ushahidi: aliyeupanda atasema pahali ni pake. Machifu na wenye mashamba makubwa wanajua hilo vizuri. Basi waandike mapatano na wakulima, mbele ya mashahidi, yanayosema nani ana haki ya mti na nani ana haki ya udongo. Bila karatasi hiyo, mche uliolelewa vizuri mjini utafika kijijini na kuzusha kesi mpya, na kesi za ardhi tunazo za kutosha.

Mwenye kibaraza na sashe mbili aanze na miche miwili. Mwenye mamlaka aanze na karatasi.