TAHARIRI: SIMU NAYO IPIGIWE HODI



Katika desturi zetu za pwani, mgeni hasukumi mlango. Hupiga hodi, akangoja akaribishwe. Ibara ya 16 ya Katiba ya nchi yetu inaiheshimu desturi hiyo: kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi.

Siku hizi sehemu kubwa ya maskani ya mtu imo katika simu. Mvuvi na mkulima wa korosho hapa Mitwero wameweka humo fedha zao, habari za ugonjwa na maneno ya siri ya nyumbani. Tena, tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa Januari 2020, laini hujulikana ni ya nani.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru mahali paingiwe, vifaa vipekuliwe na kuchukuliwa, na mwenye kuhifadhi taarifa azitoe. Yatosha yeye mwenyewe aridhike kwamba ipo sababu ya kushuku. Hivyo anayepeleleza na anayeidhinisha ni watu wa nyumba moja. Desemba 2016, Maxence Melo wa Jamii Media alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa JamiiForums.

Hatukatai kwamba wezi wapo. Ni wengi waliotumiwa ujumbe wa kuwataka watume fedha "kwenye namba hii", na wapo waliotuma wakalia. Polisi wanao wajibu wa kuwasaka wahalifu hao. Lakini hakimu, asiye na sehemu katika upelelezi, ndiye anayefaa kupima sababu kabla mlango haujafunguliwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni hatua njema, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Hata hivyo, sheria hiyo imeweka misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Pale penye nguvu kubwa ndipo kinga ilipopungua.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. Kwanza, anayepekuliwa aombe kwa adabu kuoneshwa amri, na apewe hati ya vitu vilivyochukuliwa. Pili, jumuiya ndogo ndogo zimwombe mbunge wetu adai idhini ya mahakama iwe sharti. Tatu, tuanze kwetu: orodha za waamini, namba zao na michango yao zisipite mikononi mwa kila mtu.

Haki asiyoijua mwenyewe haidaiwi. Tuisome, tuifundishe, tuidai kwa amani.