Fedha za Pamba Zisiishie Katika Anasa

Mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hupokea fedha za pamba mara moja tu kwa mwaka. Hupanda mvua za kwanza zinaponyesha, hupalilia, hunyunyizia dawa, huchuma kwa mkono tumba baada ya tumba, ndipo hupeleka mzigo wake kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika. Fedha anazolipwa hapo ni jasho la miezi mingi, na hazina budi kuitunza jamaa yake hadi mizani ifunguliwe tena. Kwa hiyo matumizi yake si jambo la kupuuzwa.

Msimu unapofunguliwa, wachuuzi nao hufuata fedha. Huja redio kubwa za kutikisa paa, makochi ya kupendeza macho na simu za bei ya ndama. Wako wanaokubali kuvichukua vitu hivyo kwa mkopo pamba ikiwa bado shambani. Mkulima wa namna hiyo hufika kwenye mizani akiwa amekwisha kula mavuno yake, na Novemba inapofika hana jembe zima wala fedha ya dawa. Lakini kochi analo.

Hatari ya mwenendo huu si ya kubuni. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa muda mrefu, kwa kuwa bei katika soko la dunia ilikuwa imeshuka. Mwaka uliofuata, 2020, bei elekezi ilianguka hadi shilingi 810. Bei ya pamba haipangwi Sapiwi. Aliyejifunga kwa deni la anasa akitegemea bei ya mwaka uliopita hujikuta ameuza uhuru wake mwenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba hakuna anayemtaka mkulima aishi kwa dhiki ili asifiwe. Anayo haki kamili ya kufurahia matunda ya kazi yake. Wala ughali peke yake haukifanyi kitu kuwa anasa. Pikipiki inayobeba mazao na kumfikisha mgonjwa zahanati ni chombo cha kazi. Ile ya kuzungushwa mnadani ili watu waitazame ni mzigo. Simu ya kawaida inayopokea malipo na kuulizia bei yatosha. Swali la kujiuliza ni moja: kitu hiki kitafanya kazi gani siku ya kesho?

Kwa kipimo hicho, plau na maksai wake hutangulia mbele ya makochi yote. Shamba ambalo mwenye jembe la mkono hulihangaikia kwa siku nyingi, maksai hulimaliza upesi, na katika nchi yenye mvua za kubahatisha kama Simiyu, kuwahi kupanda ndiko kuvuna. Mkokoteni hubeba samadi kwenda shambani na mazao kurudi nyumbani. Baiskeli hudumu kwa miaka na hutengenezwa kijijini. Mabati machache yenye mfereji na tangi la kukingia maji humpunguzia mama safari ya kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu akitafuta ndoo moja.

Na huyo mama asisahauliwe. Yeye amepalilia, na yeye na watoto wamechuma. Si haki hata kidogo kwamba fedha zikifika, baba peke yake ndiye anayeamua, tena akiwa tayari njiani kuelekea dukani. Nyumba ambamo mume na mke huketi pamoja na kugawa fedha hizo kabla ya kununua chochote, hii ya chakula, hii ya shule, hii ya zana, hii ya akiba, si rahisi kulaghaiwa na wachuuzi.

Viongozi nao wanao wajibu, kwani mwananchi hutazama mwenendo kuliko hotuba. Mwezi Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na Februari 1967 Azimio la Arusha likaweka masharti ya uongozi. Masharti hayo yalikwisha kulegezwa mwaka 1991, lakini somo lake halijapitwa na wakati: anayehubiri kubana matumizi huku akishindania ufahari hawezi kusikilizwa.

Vyama vya ushirika vingefanya jambo la maana kama vingewasaidia wanachama kununua plau, mabomba ya kunyunyizia dawa na mabati kwa pamoja mara tu baada ya malipo, fedha zikiwa bado mkononi. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mkulima wa Sapiwi, akiba iliyo bora ni ile inayoamka pamoja naye alfajiri na kwenda shambani.